Levo shifta gani niweke kati ya ESP32 ya volti 3.3 na vifaa vya volti 5?

maji_moro aliuliza:

Wakuu habari za muda huu. Naomba msaada kwenye hili suala la levo shifta (saketi ya kubadilisha volti za signali kutoka kiwango kimoja kwenda kingine) maana nimesoma huku na kule na kila mtu anataja chipu yake. Niko Morogoro, natengeneza kitu cha kuonyesha kiwango cha maji kwenye tanki la nyumbani, ubongo ni ESP32 ambayo pini zake ni volti 3.3, halafu nina vitu vitatu vyote vinakula volti 5: sensa ya HC-SR04 (inapima umbali kwa sauti) kule juu ya tanki, LCD ya mistari minne yenye kile kibodi (bodi ndogo) cha I2C mgongoni (chipu PCF8574; I2C ni njia ya mawasiliano ya nyaya mbili), na utepe wa taa za WS2812B ambao nataka upande na kushuka ukutani kufuatana na maji yalivyo. Dukani waliniuzia moduli ndogo imeandikwa TXB0108, ina chaneli 8, wakaniambia hii inajua yenyewe signali inatokea upande gani kwa hiyo nipitishe kila kitu humo humo.

Sasa hali ni hii. Taa zinafuata vizuri nikitumia waya mfupi, nikirefusha waya wa data zinaanza kuwaka rangi za ajabu. LCD ndo kabisa, mwanga wa nyuma upo ila herufi hakuna, na ile programu ya kusaka anwani za I2C inasema haioni kifaa chochote. LCD hiyo hiyo nikiihamishia kwenye Arduino Uno inaandika kama kawaida. Je moduli ni mbovu au aina yenyewe ndo siyo? Na kama siyo, ni ipi itabeba vyote vitatu kwa mpigo?

---

fundi_saketi alijibu:

Mkuu moduli yako ni nzima, inafanya vile vile ilivyotengenezwa ifanye, tatizo ni kwamba ile kauli ya "inajua yenyewe" ni kweli kwa aina moja tu ya signali na wauzaji wengi hawaelezi hapo. Kabla hujachagua levo shifta usianze na idadi ya chaneli, anza kwa kuuliza kwenye kila waya: nani anausukuma waya huu, na anausukuma vipi? Ukijibu hilo chipu inajichagua.

Waya wa data wa WS2812B unasukumwa na ESP32 peke yake, kwenda tu, hakuna kurudi, na ESP inausukuma juu na chini kwa nguvu. Waya wa Echo wa HC-SR04 (unaoleta majibu ya kipimo) unakuja tu. Lakini SDA na SCL, zile nyaya mbili za I2C, ni kitu kingine kabisa. Pale hakuna anayesukuma juu. Kila kifaa kinaweza kuvuta chini tu au kuachia, na kinachoinua waya ni rezista ya pulapu (inayouvuta juu kwenye volti). Hiyo ndo inaitwa openi dreni.

Sasa TXB0108 ndani yake inashikilia kila waya kupitia rezista ya kama 4k, makusudi iwe dhaifu, ili upande wa pili ukitaka kubadilisha uweze kuishinda. Signali ikibadilika kuna saketi ndogo inasukuma kwa nguvu kwa nanosekunde chache tu kisha inaachia, inabaki ile 4k. Datashiti yenyewe inasema kama ni lazima uweke pulapu basi iwe zaidi ya 50k. Kageuze kibodi cha LCD yako utazame, vingi vina pulapu za 4.7k kwenda volti 5. Piga hesabu uone: chipu inajaribu kushusha waya kupitia 4k, pulapu inauvuta juu kupitia 4.7k, katikati unapata 5 × 4 ÷ 8.7, yaani kama volti 2.3. PCF8574 ikiwa na volti 5 inahesabu sifuri ni chini ya 1.5. Kwa hiyo haioni sifuri hata siku moja, ndo maana msako wako wa anwani unarudi mtupu. Hata ubadilishe LCD ngapi majibu yatakuwa hayo hayo.

Na taa kuharibika waya ukirefuka ni ugonjwa huo huo wa udhaifu. Waya mrefu ni kapasita, ule msukumo mfupi unaisha kabla waya haujajaa, kazi iliyobaki inafanywa na 4k taratibu. Mbaya zaidi mwangwi wa signali ukirudi kutoka mwisho wa waya chipu inaweza kudhani upande wa pili ndo unaongea. Hizi chipu za kujihisi mwelekeo zinafaa kwenye bodi moja, chipu na chipu ziko karibu karibu. Kwenye waya wa ukutani sizipendekezi kwa mtu yeyote.

---

neema_solda alijibu:

Fundi kamaliza kwenye TXB. Mimi niongezee upande wa LCD maana hapo ndo watu wengi wanakwama na dawa yake ni ya bei ya chini kuliko hiyo aliyouziwa.

Tafuta moduli ndogo ya chaneli 4 yenye transista za BSS138, ile yenye mosfeti nne na rezista nyingi zimeandikwa 103 (yaani 10k). Njia hii ilielezwa na Philips miaka ya 90 kwa ajili ya I2C hasa, na mpaka leo sijaona iliyo rahisi kuishinda kwa kazi hiyo. Inavyofanya: mosfeti ina miguu mitatu, geti imeungwa kwenye 3.3, sosi iko upande wa 3.3, dreni upande wa 5, kila upande una pulapu yake ya 10k. Kila mtu akiachia, mosfeti imefunga (haipitishi umeme), upande huu unakaa 3.3 na ule unakaa 5, hawasumbuani. ESP ikivuta chini, sosi inashuka, geti inabaki 3.3, mosfeti inafunguka na upande wa 5 unashuka nao. LCD ikivuta chini (inafanya hivyo kila inapojibu), ile dayodi iliyomo ndani ya mosfeti inaanza kushusha upande wa 3.3 kidogo, kisha mosfeti yenyewe inafunguka na kumalizia. Hakuna pini ya mwelekeo na hakuna kinachokisia.

Mtu asikwambie uweke 2N7000 kwa sababu inapatikana kila duka. BSS138 inaanza kufunguka kati ya volti 0.8 na 1.5, lakini 2N7000 datashiti inaruhusu mpaka 3. Una 3.3 tu kwenye geti, ukiangukiwa na kipande cha 3 haitafunguka vya kutosha na utahangaika na kitu kinachofanya kazi asubuhi na kukataa jioni.

Kuhusu pulapu, 4.7k ya kibodi ikikaa sambamba na 10k ya moduli unapata kama 3.2k, hiyo ni miliampia 1.6 hivi, jumlisha ya upande wa 3.3 haifiki 2. Vifaa vya I2C vinatakiwa kuweza kumeza 3, kwa hiyo hauko hatarini wala huna haja ya kutoa rezista yoyote. Spidi acha kilohezi 100. PCF8574 yenyewe mwisho wake ndo huo, na pulapu ya 10k ikikutana na waya wenye pikofaradi 100 kupanda kunachukua kama nanosekunde 850, I2C ya kilohezi 100 inaruhusu 1000 lakini ya 400 inataka 300 tu. Ukitaka 400 kwa kifaa kingine siku moja utapunguza pulapu za upande wa 3.3.

---

luthuli_254 alijibu:

Sasa wadau. Hio ya BSS138 ni poa kwa I2C lakini bro usije ukapitisha data ya WS2812B hapo, naona watu wengi huku Nairobi wakifanya hivyo kwa sababu module ina channel mbili zimebaki. Zile taa zinasoma bit moja kila mikrosekunde 1.25, na bit ya sifuri ni mpigo wa juu wa nanosekunde 400 pekee. Upande wa 5 wa BSS138 unapanda kwa nguvu ya pulapu ya 10k, waya ukiwa na pikofaradi 100 hivi utakuta mpigo umeisha kabla haujafika volti zinazotakikana. Utaona taa kadhaa za mwanzo ziko sawa, zingine ziko na rangi zao.

Na si eti unaweza kuacha shifta kabisa. WS2812B kwa datasheet inataka 0.7 ya volti inayokula, ikila 5 hio ni 3.5, na ESP inatoa 3.3 kama hakuna mzigo. Kuna watu watakuambia "yangu inafanya bila kitu", ni kweli, chipu nyingi zinakubali chini ya hapo mezani ukiwa na waya mfupi, lakini hio ni bahati ya kipande ulichopata, na kitu kinaenda kukaa ukutani miaka hufai kukijenga juu ya bahati.

Unachotaka ni bafa ya upande mmoja (chipu inayopokea signali na kuisukuma upya kwa nguvu), 74AHCT125 au 74HCT125, ukikosa chukua 74HCT245. Bafa inakula volti 5, inatoa volti 5 kamili kwa nguvu juu na chini, na mlango wake wa kuingilia unahesabu moja kuanzia volti 2.0, kwa hivyo 3.3 ya ESP inaingia na nafasi kubwa. Kuwa mwangalifu sana na herufi T. Dukani ukiuliza watakupa 74HC125 na kukuambia ni kitu kimoja. Si kimoja. HC ikila 5 inataka kama 3.5 kwa mlango, umerudi pale pale ulikuwa. Soma maandishi ya chipu kabla hujalipa, tumia kamera ya simu kama macho yanakataa.

Ukikosa kabisa HCT kuna njia ya dharura naipenda: taa ya kwanza ya utepe ilishe kupitia dayodi ya kawaida kama 1N4001. Itakula kama 4.3, kwa hivyo itataka 0.7 ya 4.3, ni volti 3 tu, ESP inafikisha. Hio taa nayo inatoa data ya kama 4.3 kwenda ya pili ambayo inataka 3.5. Taa moja imegeuka kuwa shifta. Ni ya taa ya kwanza pekee hio dayodi, usilishe utepe mzima kupitia hapo.

---

maji_moro aliandika:

Asanteni sana, nimeelewa kitu ambacho sikuwa nimekiona mahali, kumbe nilikuwa natafuta chipu moja kwa kazi ambazo hazifanani. BSS138 nimepata kwa jamaa wa hapa hapa, LCD imeonyesha herufi mara ya kwanza tu niliyowasha, anwani imeonekana 0x27. AHCT125 naagiza Kariakoo itakuja na basi.

Imebaki sensa. Waya kutoka tankini mpaka ESP ni mita 8 hivi. Je Echo niipitishe kwenye zile chaneli mbili za BSS138 zilizobaki, au kwenye bafa ile ile ya taa kwa sababu 125 ina nafasi nne?

---

fundi_saketi alijibu:

Kwenye bafa ya taa hapana mkuu, ile unailisha 5 kwa hiyo inatoa 5, itaibeba Echo ya volti 5 na kuitoa volti 5 ile ile ndani ya ESP, na pini ya ESP32 haitakiwi kuzidi volti inayokula yenyewe kwa zaidi ya 0.3, yaani 3.6 mwisho. Wapo wanaosema wameiunga moja kwa moja na bado inaishi. Mimi siwezi kumshauri mtu hivyo.

Kushusha volti ni rahisi kuliko kupandisha. Echo inakuja tu na ni ya taratibu mno, kila sentimita ya umbali ni mikrosekunde 58 za mpigo, kwa hiyo hapo hata chipu huhitaji. Nunua rezista tatu za 1k. Moja iwe kati ya waya wa Echo na pini ya ESP, mbili zilizobaki zifunge moja nyuma ya nyingine kutoka pini hiyo kwenda graundi. Unapata theluthi mbili ya 5, volti 3.33. Nasema tatu za 1k kwa sababu 2k wengi hawana, watakupa 2.2k, na hiyo inakupa 3.44, halafu chaja yako ikitoa 5.2 badala ya 5 unakuwa umeshagusa ukingo. Hizo rezista zifunge upande wa ESP, siyo kule tankini, ili mita zako 8 zisukumwe na sensa yenyewe kwa volti 5 na kelele ya njiani iwe ndogo ukilinganisha na signali.

Trig (waya wa kuiamuru sensa ipime) kwa kawaida inakubali 3.3 bila kitu, lakini kwa mita 8 na una nafasi kwenye 125, ipitishe pale, inatoka na 5 safi. Hiyo ni ya kwenda, kwa hiyo bafa ndo mahali pake.

Nje ya mada kidogo: HC-SR04 ya kawaida iliyo wazi haitadumu juu ya maji, mvuke utaila. Kuna JSN-SR04T yenye kichwa kisichoingiza maji na kebo yake, bodi unaiacha mahali pakavu. Kwenye volti 5 Echo yake nayo inatoka 5 kwa hiyo rezista zile zile zinatumika. Inahitaji nafasi ya kama sentimita 20 kabla ya kuanza kusoma, kwa hiyo usiifunge karibu na pale maji yanapofika tanki likijaa.

---

chuo_umeme aliandika:

Samahani naingilia, mimi nina kitu kinachofanana ila upande wangu ni SPI (njia nyingine ya mawasiliano, ya nyaya nne), chipu moja ni ya volti 1.8 na mikrokontrola ni 3.3, saa inakimbia megahezi 10. Nikisoma hapa naona BSS138 haifai, na AHCT haishuki hadi 1.8. TXS0108E je? Inasemekana ni ndugu yake TXB lakini inakubali na openi dreni.

---

neema_solda alijibu:

TXS ni kweli inakubali openi dreni kwa sababu ndani ina pulapu zake badala ya ile 4k ya kushikilia, na kwa waya mfupi wa I2C inafanya kazi vizuri. Lakini kwako mwelekeo unaujua tayari: saa, MOSI (data ya kwenda) na CS (ya kuchagua chipu) zinakwenda, MISO (data ya kurudi) inarudi, haibadiliki milele. Sasa kwa nini umpe chipu kazi ya kukisia kitu ambacho wewe unakijua? Chukua familia yenye pini ya DIR (ya kupanga mwelekeo), SN74LVC8T245 au zile za waya mmoja mmoja SN74LVC1T45. Kila upande unakula volti yake kuanzia 1.65 mpaka 5.5, unafunga DIR juu au chini mara moja na basi, inasukuma kwa nguvu pande zote na megahezi 10 kwake ni ndogo.

Mawili ya kuangalia. 8T245 inageuza chaneli zote 8 kwa pamoja, kwa hiyo MISO ihamishie kwenye 1T45 yake peke yake, usijaribu kuibana kwenye ile kubwa. Na DIR pamoja na OE (pini ya kuwasha output) zinahesabu volti za upande A, siyo B, kwa hiyo ukizifunga juu zifunge kwenye ugavi wa upande A. Kila ugavi uwe na kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini ya chipu, hii haina mjadala.

---

maji_moro aliandika:

AHCT125 imefika, nimeiweka kwenye bredibodi, utepe wote unafuata rangi hata kwa ule waya mrefu. Swali dogo la mwisho: nimetumia nafasi mbili tu, data ya taa na Trig, hizi mbili nyingine nizikate pini au niziache?

---

luthuli_254 alijibu:

Usikate na usiache wazi. Mlango wa chipu ya CMOS kama hii ukikaa hewani unaelea, bafa inaanza kucheza yenyewe na kula umeme bure. Input za zile mbili zipeleke graundi, output zake ziache bila kitu. Pini za OE za zile mbili unatumia lazima ziwe graundi, hio chipu inafunguka OE ikiwa chini, za zile hutumii zifunge volti 5.

Weka rezista ya omu 330 hivi kati ya bafa na waya wa data, iwe karibu na bafa, inatuliza ule mwangwi. Kapasita ya mikrofaradi 1000 mahali umeme unaingia utepe. Graundi ya chaja ya taa na graundi ya ESP ziungane kwa waya mnene, bila hio hakuna shifta itakusaidia. Halafu taa moja nyeupe kamili inaweza kula miliampia 60, kwa hivyo utepe wa taa 60 ni ampia 3.6, usiulishe kupitia pini ya 5V ya bodi ya ESP.

---

fundi_saketi alijibu:

Niongeze moja kwa hapo, ni kwa nini nafurahi umepata AHCT badala ya HCT. Wewe una chaja mbili. Siku ya chaja ya taa kukatika huku ESP inawaka, HCT ingepitisha volti 3.3 za ESP kupitia dayodi ya mlangoni mwake na kujaribu kuwasha utepe mzima kwa pini moja ya ESP. AHCT haina dayodi hiyo ya kwenda juu, mlango wake unavumilia signali hata chipu ikiwa haina umeme. Kwa mtu mwenye HCT, aweke rezista ya 1k kati ya ESP na mlango wa bafa, mkondo utabaki mdogo na spidi ya WS2812B haitaathirika.